Kabla lipu haijapigwa, amueni spika zitakaa wapi

Msomaji mmoja wa safu hii, mama wa watoto watatu anayejenga Kigamboni, aliniandikia ujumbe wiki mbili zilizopita: "Dada, nyumba tumeshaezeka, fundi umeme anaanza kuchimbia paipu Jumatatu. Mume wangu anataka spika kila mahali, mpaka chumba cha watoto. Mimi naona ni kelele tu. Wewe kiafya unasemaje?"

Mume mwenyewe nadhani alikuwa anachungulia begani, maana dakika mbili baadaye ulikuja ujumbe mwingine kwa namba hiyo hiyo: "Na jikoni pia. Shemeji yako anataka kumuua mtu na sabufa la sebuleni akiwa anapika."

Nilicheka, kisha nikaona swali hili si la nyumba moja. Nyumba zetu nyingi hujengwa kwa awamu: msingi mwaka huu, kuta mwaka ujao, bati Mungu akijalia. Katika safari yote hiyo kuna siku chache tu ambazo kuta bado ni tofali tupu na fundi umeme yuko saiti na patasi yake. Siku hizo zikipita, kila waya utakaoongeza utapita juu ya rangi, chini ya zulia au nyuma ya kochi, huko ambako mtoto anayetambaa hufika kabla yako.

Jibu langu ni kwamba baba ana haki kuhusu jikoni, na mama ana haki kuhusu chumba cha watoto. Nieleze kwa nini, na nianze na sikio, maana huko ndiko kazi yangu iliko.

Ndani kabisa ya sikio, kwenye kiungo chenye umbo la konga la konokono, kuna seli zenye vinyweleo vidogo vinavyopokea mtikisiko wa sauti na kuupeleka kwenye ubongo. Mtoto huzaliwa na seli kama 15,000 katika kila sikio. Jino la utoto likitoka, huota jingine. Seli hizi zikifa, hazioti tena. Na haziui mlipuko wa bomu peke yake; sauti kubwa ya kawaida, ikisikilizwa muda mrefu, hufanya kazi ile ile polepole. Mtoto hasemi kwamba anaumia, kwa sababu mara nyingi haumii.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano walitoa kiwango cha usikilizaji salama. Kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kwa mtoto ni desibeli 75 kwa saa hizo hizo 40. Kila sauti inapopanda kwa desibeli 3, muda salama unakatika nusu. Desibeli 78, mtoto ana saa 20. Desibeli 81, saa 10. Desibeli 84, saa 5. Viwango hivyo viliandikwa kwa ajili ya simu na vifaa vya kusikilizia muziki, lakini sikio halijui sauti imetoka kwenye kifaa gani.

Sasa tuje sebuleni kwa yule dada. Sabufa moja, karibu na TV, ndiyo redio ya nyumba nzima. Mama yuko jikoni, mita nane hivi kutoka pale, mafuta yanachemka, anataka kusikia kipindi. Ili amsikie mtangazaji kupita mlio wa kikaango anahitaji desibeli kama 65 pale alipo, yaani juu kidogo ya mazungumzo ya kawaida. Mahali pa wazi, ukizidisha umbali mara mbili, sauti hushuka kwa desibeli 6. Kutoka mita moja hadi mbili, mbili hadi nne, nne hadi nane: ni desibeli 18 zilizopotea njiani. Kwa hiyo ili mama apate 65 jikoni, sabufa inatoa 83 kwa aliye mita moja mbele yake.

Na aliye mita moja mbele yake ni nani? Ni yule mdogo, amekaa kwenye mkeka na vikopo vyake.

Kwa desibeli 83, muda salama wa mtoto ni saa 6 hivi, na hizo ni za wiki nzima. Jumapili moja ya kupika pilau na kufua inazimaliza kabla ya saa kumi jioni. Ndani ya nyumba hesabu hii hubadilika kidogo kwa sababu kuta hurudisha sauti, lakini pakiwa na ukuta na mlango kati ya sebule na jiko, sabufa italazimika kupiga zaidi ya hapo, si pungufu.

Ndiyo maana nasema baba ana haki. Spika ndogo ya jikoni, mita moja na nusu kutoka kwa anayepika, itampa desibeli zake 65 na sebule itabaki kimya. Watu hudhani nyumba yenye spika nyingi ni nyumba ya kelele. Inaweza kuwa kinyume kabisa: kila mtu akiwa na sauti karibu yake, hakuna sababu ya kumpigia mtu wa mbali kelele juu ya kichwa cha mtoto. Nyumba ya spika moja kubwa ndiyo ninayoiogopa.

Jambo hili hili linawahusu wazee. Bibi ambaye masikio yamepungua hukaa na rimoti mkononi akiongeza sauti ya taarifa ya habari, na wajukuu wamemzunguka. Kama bibi ana kiti chake, na kila bibi ana kiti chake, pitisheni paipu moja mpaka hapo na muweke spika ndogo usawa wa bega lake. (Apelekwe pia akapimwe. Nta iliyojaa sikioni humfanya mtu aonekane kiziwi, na hutolewa kliniki bila shida.)

Chumba cha watoto ni habari nyingine. Hapo nasimama na mama.

Mwongozo wa zamani wa Shirika la Afya Duniani kuhusu kelele, wa mwaka 1999, unataka chumba cha kulala usiku kisizidi desibeli 30 kwa kelele inayoendelea. Hiyo ni sauti ya mnong'ono. Hakuna spika itakayowashwa na kubaki chini ya hapo. Kuna wazazi wanaosema mtoto wao hulala vizuri akisikia muziki laini. Mwaka 2014 jarida la Pediatrics la Marekani lilichapisha kipimo cha mashine 14 za sauti za kulazia watoto wachanga. Zikiwa sentimita 30 kutoka mtoto alipo, tena zimefunguliwa mpaka mwisho, zote zilivuka desibeli 50 zinazoshauriwa kwa wodi za watoto, na tatu kati yake zilivuka 85. Hivyo ni vifaa vilivyotengenezwa kwa ajili ya kulaza watoto. Spika ya ukutani juu ya kitanda haina hata nia hiyo.

Halafu kuna suala la maneno. Daktari wa watoto Dimitri Christakis na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, waliwavalisha watoto wa Marekani wa kuanzia miezi 2 hadi miaka 4 vinasa sauti vidogo. Waligundua kwamba kila saa moja ya televisheni inayosikika ilikwenda pamoja na upungufu wa maneno 770 ambayo mtoto aliyasikia kutoka kwa mtu mzima. Televisheni haikuwa ikimfunza kuongea, ilikuwa ikichukua nafasi ya wanaomwongelesha. Chumba cha watoto, na meza ya chakula, ningeviacha bila spika hata kama paipu ni za bure. Baba akisisitiza, basi apitishe paipu tupu na aifunike. Mtoto akifika kidato cha tatu mtajadiliana upya, tena naye akiwepo.

Tuingie kwenye ukuta wenyewe sasa, maana hapa kuna hatari inayoua haraka kuliko kelele.

Waya wa spika usilale paipu moja na waya wa umeme. Kamwe, hata kwa mita mbili, hata kama fundi anasema "mama, paipu ina nafasi." Umeme wa nyumbani ni volti 230. Plastiki ya waya wa spika haikutengenezwa kuzuia umeme wa kiasi hicho. Siku panya akitafuna, au msumari wa picha ukipenya, au waya wa umeme ukipata joto na ganda lake likayeyuka, volti 230 zinaweza kuhamia kwenye waya wa spika na kusubiri kwenye vile vichwa vya chuma nyuma ya spika, ambavyo kila mtoto hugusa. Paipu za spika ziwe zake peke yake na boksi zake peke yake. Zikilazimika kwenda sambamba na za umeme, ziachane kwa sentimita 30 hivi. Zikikutana, zikatize kwa msalaba. Faida ya pili ni kwamba spika haitavuma ule mlio wa "mmmm" unaowafanya watu waongeze sauti ili kuufunika.

Kuna mambo mengine mawili ambayo fundi mzoefu anayajua na fundi wa kubahatisha hayajui. Asikuwekee soketi ya kawaida ya umeme ukutani kuwa ndiyo sehemu ya kuchomekea spika. Leo mnajua wote kwamba ile ya kushoto ni ya spika. Mwakani dada wa kazi mpya hajui, naye atachomeka pasi kwenye ya spika au spika kwenye ya umeme. Zipo plate maalumu za spika zenye vichwa vyekundu na vyeusi, tumieni hizo. La pili, mafundi wengine hutumia vipande vya waya wa umeme vilivyobaki, wa 1.5, kuwa waya wa spika. Sauti itapita vizuri tu. Shida ni fundi atakayekuja baada ya miaka sita kuongeza taa, akaukuta waya mwekundu na mweusi juu ya dari, akadhani ni wa taa, akaunga. Kama hamna namna, basi uandikwe kila mwisho kwa utepe: SPIKA.

Kazi yote ya umeme afanye fundi mwenye leseni ya EWURA, na kwenye meni swichi pawe na kile kifaa kinachokata umeme unapovuja, cha miliampia 30. Hicho si cha spika, ni cha maisha. Nakitaja hapa kwa sababu huwa kinarukwa pale bajeti inapobana, na bajeti hubana kila mara.

Kuhusu waya wenyewe, ukienda dukani utaonyeshwa waya mbili zinazofanana, moja bei nusu ya nyingine. Chukua wembe, kwangua uzi mmoja. Ukiwa mwekundu mpaka ndani ni shaba. Ukiwa mweupe ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba: hupitisha umeme kwa shida zaidi, na hukatika upesi ukikunjwa kunjwa. Kwa kitu kitakachozikwa ukutani miaka 30, nunua shaba. Kwa spika za kawaida za omu 8, waya wa 1.5 unatosha mpaka mita kama 15. Zaidi ya hapo, au spika zikiwa za omu 4, chukua wa 2.5. Na uwe na mstari au rangi upande mmoja, ili mwekundu uende kwenye mwekundu pande zote mbili. Spika moja ikigeuzwa, besi ya hii inakula besi ya ile, sauti inakuwa nyembamba kama ya kopo, na mwenye nyumba anafanya nini? Anaongeza sauti. Nusu ya makelele ya sebule zetu naamini huanzia kwenye ufungaji mbaya.

Paipu ziwe za milimita 20 au 25, kona ziwe za mkunjo mpana wa springi na si elbo kali, na ndani yake ibaki kamba ya nailoni ya kuvutia waya. Waya wa kufungia nondo unashika kutu na kukatika siku unapouhitaji. Midomo ya paipu izibwe kabla lipu haijapigwa. Mchanga na saruji vikishaingia humo, imekuwa nguzo. Halafu kabla wapiga lipu hawajafika, piga picha kila ukuta kwa simu ukiwa umeweka futi kamba, picha ionyeshe paipu iko umbali gani kutoka kona na kutoka sakafuni. Zitume kwenye grupu la familia ili zisipotee na simu. Siku ya kutundika picha ya harusi utajua pa kugonga msumari.

Spika za kwenye dari zinapendeza na hazifikiwi na mtoto, lakini angalieni juu kwanza. Katika nyumba zetu nyingi kuta za ndani huishia kwenye lenta, na juu ya jipsamu ni uwazi mmoja wa kenchi kutoka sebule hadi chumba cha mwisho. Spika iliyo wazi mgongoni hupiga muziki kwenda chini sebuleni na kwenda juu kwenye uwazi huo, kisha muziki unamshukia mtoto kupitia jipsamu ya chumbani kwake. Spika za dari ziwe na boksi nyuma, au zisiwepo. Tena juu kule chini ya bati mchana ni tanuri. Waya usilale juu ya bati wala kuning'inia, uwe ndani ya paipu mpaka kwenye spika.

Sabufa, lile boksi la besi, halitaki kona ya ukuta unaopakana na vyumba. Kona huongeza besi, na besi ndiyo sauti inayopenya tofali kirahisi kuliko zote. Amueni leo ukuta upi ni wa sabufa, ikiwezekana ule wa nje au wa korido, na paipu iishie hapo. Spika na TV zifungwe ukutani kwa skrubu. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hujivuta asimame kwa kushika chochote, na spika ndefu ya kusimama au TV juu ya kabati ni kitu cha kumwangukia kichwani. Amplifaya ikae juu, mahali penye hewa, ambapo kitufe cha sauti kiko mkononi mwa mtu mzima.

Msomaji ataniuliza: siku hizi si kuna spika za bluetooth, ya nini kutindua ukuta? Hoja nzuri, na kwa aliyepanga au aliyekwisha kupaka rangi ningemwambia anunue hizo mbili ndogo kuliko sabufa moja. Lakini nazo zinataka chaji, kwa hiyo zitaishia zimechomekwa kwenye ekstensheni sakafuni, na tumerudi kule kule kwenye waya wa kutambaliwa. Aliye kwenye tofali leo, paipu tupu yenye kamba ndani ni gharama ndogo sana akilinganisha na kutindua na kupaka rangi upya.

Naomba mnielewe vizuri: masikio ya watoto huharibiwa na mengi, na sabufa si la kwanza. Maambukizi ya sikio yasiyotibiwa yanaongoza kwa kuwaumiza wadogo, na mtoto anayetoa usaha sikioni anatakiwa kituo cha afya, si mafuta ya kupikia. Anayesema "eeh?" kila mara, anayesogea karibu na TV, anayelalamika sikio linalia kengele, au aliyefika miaka miwili haungi maneno mawili, apimwe. Msimsubiri akue.

Spika zikishafungwa, kabla ya kumlipa fundi malipo ya mwisho, fanyeni jaribio hili jioni moja. Mmoja awashe muziki sebuleni kwa sauti ile mnayoweka wageni wanapokuja. Mwingine asimame urefu wa mkono mmoja kutoka kwake wazungumze: wakilazimika kupaza sauti, hapo ni karibu desibeli 85, punguzeni na mtie alama kwenye kitufe kwa rangi ya kucha, isivukwe. Kisha mmoja aende chumba cha watoto, afunge mlango, alale kwenye godoro, kichwa pale wanapolaza wao. Akisikia mdundo tu, hamisheni sabufa. Akisikia na maneno ya wimbo, mwiteni fundi apande darini.